Nne na Nusu

Jumapili, 2 Novemba 2025

Daftari hili nilipewa bure na duka la magari la jirani. Jalada lake lina picha ya gari jeupe jangwani. Nimeanza kuandika kwa sababu siku hazinikai. Jana mtu aliniuliza wiki iliyopita nilifanya nini, nikafikiri, nikamjibu kwamba nilikwenda kazini na nikarudi.

Nijieleze kama kwa mgeni, labda nitajiona. Zakiya, miaka arobaini na mmoja, sina mume, nakaa mtaa wa Wattaya na mama yangu Bi Mahfoudha na mdogo wangu Afra. Nafanya kazi katika duka la vifaa vya safari: mahema, majiko ya gesi, taa za kichwani. Kuanzia Novemba mpaka Februari tunafungua upande wa ski, maana Waomani wetu siku hizi wanapanda ndege kwenda Georgia kuteleza kwenye theluji kama wanavyopanda gari kwenda Salala kwenye mvua. Upande wa wanawake ni wangu. Nina pazia, kiti, mizani, na futi iliyopigiliwa ukutani.

Februari iliyopita Afra alianguka huko Georgia. Alikuwa kwenye mteremko mkali, ski ya kushoto ikamtoka mguuni katikati ya kona, akaporomoka mpaka kwenye mawe. Alivunjika nyonga na paja. Sasa anatembea kwa gongo na anakwenda ofisini nusu siku. Leo asubuhi aliniambia, "Dada, kahawa imekwisha." Nimenunua kahawa.

Jumatano, 5 Novemba

Mzigo wa ski umefika. Nimeupanga kwa urefu. Joto limepungua kidogo.

Jumapili, 9 Novemba

Noof amekuja dukani. Ni mtoto wa kaka yetu Muhanna, ana miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa mwisho chuoni. Mwisho wa Januari anataka kwenda Georgia na wale wanawake saba wa Afra. Kundi hilo Afra ndiye aliyelianzisha, na mwaka huu linakwenda bila yeye.

"Shangazi, nataka zile pana," alisema, akanyoosha kidole ukutani. "Zile za friraidi."

Hizo ni ski za kuteremkia nje ya njia, mahali ambapo theluji haikusawazishwa na mashine. Ni pana kiunoni ili zielee, na ncha zake zimeinuliwa ili zisizame. Ni starehe kwa anayejua na adhabu kwa asiyejua. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni moja: unajua kiasi gani?

"Wallahi shangazi, mimi sijui kitu. Mwanzo kabisa." Akacheka, akatazama chini.

Ndivyo tunavyojibu sote. Tangu nianze kazi hii hakuna mwanamke wa kwetu aliyekaa kwenye kiti kile akasema "najua". Daktari bingwa husema anasomasoma. Aliyejenga ghorofa tatu husema ana kibanda. Ukijisifu unajiitia jicho, na jicho la watu halina dawa ila kulinyima pa kutua. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hawa wangu wanaficha na wanazaa, kwa sababu nimezoea kuwafasiri. "Sijui kitu" maana yake anaweza. "Najaribujaribu" maana yake ni hodari.

Nilimwambia Noof nitamtafutia. Amenibusu, amekwenda zake.

Jumanne, 11 Novemba

Hakuna kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Mteja mmoja leo ameniuliza kibanio ni nini, nikamweleza, na nilipokuwa nikimweleza nilisikia sauti yangu kama ya redio iliyo chumba cha pili. Nitaliandika hapa jambo lenyewe, kwa sababu sijamwambia mtu.

Buti linashikwa na ski kwa kibanio. Kibanio kina namba. Namba ikiwa ndogo, ski hutoka upesi ukianguka, na mguu unasalimika. Anayejifunza anaitaka hiyo. Namba ikiwa kubwa, ski hushika. Anayeteremka kwa kasi kwenye miamba anahitaji ishike, maana pale kutokwa na ski ndiyo ajali yenyewe. Na namba haitoki kichwani mwangu. Inatoka kwenye karatasi: uzito, urefu, umri, ukubwa wa buti, na daraja ya ujuzi, moja mpaka tatu. Nilipelekwa Austria wiki mbili kufundishwa jambo moja tu, kwamba bisibisi hufuata karatasi.

Januari iliyopita Afra alikuja dukani kuchukua ski zake mpya. Mama alimsindikiza, alitaka kununua chupa ya chai. Afra amevaa buti, amekaa, anacheka. Nikachukua kalamu. Mama akasogea.

"Andika kilo sittini na mbili," alisema. "Na hapo penye ujuzi andika moja. Nnakwambia andika moja, Zakiya. Usimtie mwenzio jicho kwa mkono wako mwenyewe."

Afra alikuwa kilo sabini. Aliteleza miaka sita Kanada alipokuwa akisoma, na picha zake nimeziona. Anateremka mahali ambapo mimi nisingepanda hata kwa ngazi. Nikaandika sittini na mbili. Nikaandika moja. Kisha nikabeba ski mpaka mezani, nikaangalia jedwali, nikazungusha skrubu mpaka nne na nusu. Kwa haki yake ilikuwa iwe nane.

Niliandika uongo wa mama kwa heshima ya mama, halafu nikaufuata kwa uaminifu wa kazi. Wiki tatu baadaye ski ilimtoka.

Nyumbani wanasema qadar, amri ya Mungu. Kila anayekuja kumtazama anasema qadar, anakunywa kahawa, anakwenda. Mimi nawamiminia.

Alkhamisi, 20 Novemba

Siku ya taifa. Tumekula kwa Muhanna, biriani ya kuku. Noof alituonesha video ya mwaka jana kwenye ule ukumbi wa theluji wa Dubai: mtu wa koti la njano anateremka, anakata kulia, anakata kushoto, hayumbi. Mama akasema mashaallah mara tatu, akamfunika Noof kichwa kwa mtandio, akamsomea. Afra alitazama ile video akarudisha simu.

Mimi nilijiambia: mtoto huyu wa koti la njano anajua. Sitarudia.

Jumapili, 30 Novemba

Wateja wanne. Watatu hawajui kitu, mmoja anajaribujaribu.

Jumapili, 7 Desemba

Noof amekuja kuchagua. Nilimsimamisha kwenye futi: sentimita mia na sittini na tatu. Nilimpandisha kwenye mizani, hakuwa na la kuficha: hamsini na saba.

Kwa mtu anayeanza ningempa ski inayomfika mdomoni au puani, nyembamba kiasi, laini, inayokubali kugeuka hata ukiiomba vibaya. Nilimpa ndefu kuliko yeye, milimita mia na nne kiunoni, yenye bati ndani yake. Hiyo haiombwi, inaamrishwa. Kwa anayejua, kwenye theluji ya Georgia inayobadilika mara tatu kabla ya adhuhuri, hakuna bora kuliko hiyo.

Alinyoosha mkono akagusa ncha iliyo juu ya kichwa chake.

"Si ndefu hizi, shangazi?"

"Utazizoea."

"Mimi kweli sijui, shangazi. Kweli kabisa."

"Sawa, mwanangu," nikasema, na nikamkonyeza.

Akashusha mkono. Mimi nikaandika tatu penye ujuzi. Mama hakuwapo. Jedwali likasema sita, nikakaza sita. Safari hii karatasi imesema kweli hata kama mwenyewe hasemi. Nilitegemea nitajisikia nafuu. Sikujisikia chochote. Nilifunga duka, nikapita kununua mkate.

Jumapili, 14 Desemba

Sleiman, mwenye duka, amekwenda nami karakana yetu ya Wadi Kabir kuchukua ski zilizonolewa. Iko katikati ya magereji, na unapaka nta huku jirani anagonga bodi la lori. Sleiman ni Mwomani wa Tabora, Kiswahili chake cha bara hakijawahi kulainika.

"Dada Zakiya, hizi vipi?" aliniuliza, akavuta blanketi kwenye kona. "Mwaka unakwisha zinakula nafasi tu. Tuziuze kama zilizotumika."

Zilikuwa ski za Afra. Wenzake walizirudisha naye kwenye ndege, na mimi niliomba ziwekwe mbali. Ya kushoto ina mkwaruzo kutoka ncha mpaka kibanio. Kwenye kidirisha cha kibanio namba bado inasomeka: nne na nusu.

Nilimwambia, "Bwana Sleiman, zifunike." Akanitazama kidogo. Akazifunika.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama amechemsha uji wa tangawizi. Afra amelalia ubavu wa kulia. Baridi ya kutosha kufunga madirisha.

Jumapili, 28 Desemba

Katika wale saba, mmoja, Zahra, amekuja kupakwa nta ski zake. Aliniuliza nyumbani vipi, kisha akasema, "Unajua, Afra siku ile hakukosea. Nilikuwa nyuma yake. Kona yake ilikuwa safi." Nikamwambia tutafunga saa moja. Akaondoka.

Hakukosea. Nimeliandika ili lisipotee.

Jumatano, 7 Januari 2026

Mvua tangu alfajiri. Mafuriko ya wadi, bonde kavu la mto, yameshuka Wadi Kabir, barabara imefungwa, magereji yamejaa matope. Duka tupu. Kwenye simu ya Noof theluji ya Georgia imefika mita moja na nusu. Ananitumia picha kila saa. Najibu kwa kidole gumba.

Alkhamisi, 8 Januari

Mvua. Afra ana maumivu mvua ikinyesha, lakini hasemi. Anakunja tu mtandio na kuukunjua. Nimemwona kutoka jikoni. Sikwenda.

Ijumaa, 9 Januari

Imekatika. Noof anataka kuzijaribu ski zake kabla ya safari, hapa hapa, kwenye ukumbi wa theluji. Kilima chake ni kifupi lakini kinatosha kuona kama buti linabana. Nilipomwambia mama mezani, Afra akainua uso.

"Kesho? Nami nnakuja."

Ni karibu mwaka hajaomba kupelekwa mahali. Mama alisahau kijiko ndani ya mchuzi.

Jumamosi, 10 Januari

Nitaandika yote.

Noof alikuja na gari lake, mimi nikamchukua Afra. Wakatukodisha makoti mazito. Afra akakaa kwenye benchi karibu na chini ya kilima, gongo kati ya magoti, anavuta ile hewa ya baridi kwa pua kama mtu aliyerudi kwao. Nilifurahi kumwona hivyo, au nilijua kwamba ningepaswa kufurahi. Siku hizi sijui tofauti.

Noof akapanda juu. Akasimama muda mrefu. Afra akauliza, "Anangoja nini?" Nikasema, "Anavuta pumzi." Kisha akaachia.

Alikwenda moja kwa moja, mikono juu, ski mbili ndefu zinamvuta kama ng'ombe wawili. Hakukata kulia wala kushoto. Katikati ya kilima zikapandana. Akaanguka kwa ubavu, ski ya kulia ikakwama kwenye theluji, mwili ukapita na mguu ukabaki. Ski haikutoka. Nilisikia ukelele wake ukumbi mzima ukiwa kimya.

Nilifika kabla ya mlinzi. Nilimfungua kibanio kwa mkono, nikashika goti. Lilikuwa zima. Amevutika, amechubuka, analia kwa hofu zaidi kuliko maumivu. Kilima ni kidogo, ndiyo salama yake. Nyuma yangu nikasikia gongo likichoma theluji, hatua, hatua. Afra amepanda. Hakuna mtu aliyemzuia.

Akainama taratibu mpaka akapiga goti moja, akafuta theluji kwenye kidirisha kwa kidole.

"Sita," alisema. "Nani kaweka sita?"

"Mimi."

"Kwa huyu?" Akamgeukia Noof. "Mwanangu, we umeteleza mara ngapi maishani?"

"Mara mbili, shangazi. Dubai. Na mwalimu alinishika."

"Na yule wa koti la njano?"

"Yule Maha, rafiki yangu. Mimi nilikuwa nashika simu, nilimpiga video mimi." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nilimwambia shangazi Zakiya sijui. Mara mbili nilimwambia. Akanikonyeza."

Nikamvua ski ya pili. Tukamshusha. Noof akasema anaweza kuendesha, akaenda kwao.

Ndani ya gari, Afra alingoja nitoke kwenye maegesho.

"Dada, mtoto kakwambia hajui. Kwa nini hukumsadiki?"

Ningeweza kusema sote tunasema hivyo. Ni kweli, na angekubali. Nikasogea pembeni ya barabara mbele ya duka moja la magari, nikawasha taa za dharura, nikamwambia. Nilisema nne na nusu. Nilisema ilikuwa iwe nane. Nilisema nilijua kilo zako, nilijua unavyoteremka, mama akasema andika, nikaandika, na nikakaza kama nilivyoandika. Nilisema ndiyo maana Noof nimempandishia, nilikuwa nakwepa yaliyokupata wewe. Sikulia. Nilisema yote kwa sauti ile ile ninayosemea bei ya mahema.

Afra alitazama magari mapya nyuma ya kioo, yamepangwa, yanang'aa.

"Nlikuwepo," alisema mwishowe. "Nlimsikia mama. Nlikuwa nnacheka, hukumbuki? Nlikuwa nnakucheka wewe unavyomfanyia adabu. Nikasema moyoni, dada anampa mama karatasi yake, akishafika mezani atakaza anavyojua. Si ndivyo tunavyofanya? Bibi alikuwa akisema hana kitu huku anapakua sahani ya kumi. Mdomo una kazi yake na mkono una kazi yake. Kila mtu anajua."

"Bisibisi hufuata karatasi," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo.

"Kule juu sote huangalia namba zetu asubuhi. Zahra huangalia. Hata wanaoanza. Mimi sikuangalia." Akanigeukia. "Unajua kwa nini sikuangalia? Kwa sababu ulikaza wewe."

Nikazima taa za dharura, nikaendesha mpaka nyumbani. Mama alikuwa ameweka chai na mikate ya kumimina. Tukala.

Jumapili, 11 Januari

Afra hasemi nami.

Jumanne, 13 Januari

Hasemi. Nimezichukua zile ski ndefu kwa Noof, nimezirudisha dukani. Goti lake zuri, limevimba kidogo tu.

Alkhamisi, 15 Januari

Mama ananiuliza, "Mna nini nyie wawili?" Nikasema hatuna kitu. Uongo mwingine mdogo kwa heshima yake. Usiku wote nililala, na hilo nalo linanitisha.

Jumamosi, 17 Januari

Muhanna anasema Noof asiende tena. Noof amefungiwa chumbani analia. Kumkataza ni rahisi, na kila mtu atapumua. Lakini mwakani atakwenda na wenzake wa chuo, ataazima ski ya yeyote, atavaa namba ya yeyote. Nimempigia Muhanna simu nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mtoto, na nikamweleza kosa gani. Akanitaka niirudie ile namba. Kisha akasema atamwachia Afra aamue.

Jumanne, 20 Januari

Saa nne asubuhi Afra ameingia dukani, Noof nyuma yake, mama nyuma ya Noof. Sleiman akaleta viti, akatazama nyuso zetu, akaenda kuhesabu mahema ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Afra hakunisalimia. Alimwambia Noof, "Kaa. Shangazi yako anakupima."

Nikachukua kalamu. Mama akasogea, kama siku ile, mkono wake tayari kwenye bega la mtoto. "Muandikie hamsini tu," alianza. "Mwili wa mtoto si wa kutangazwa ma—"

"Mama," Afra akasema. "Ngoja nje ya pazia."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Nakuomba radhi. Ngoja nje."

Katika maisha yangu sijamsikia mtu akimwambia mama hivyo. Mama alimtazama Afra, akanitazama mimi. Nilitazama karatasi. Akatoka, akakaa kwenye kiti cha kambi, mkoba mapajani.

Sikumuuliza Noof kama anajua. Swali hilo kwetu halina jibu. Nilimuuliza siku ya mwisho uliteremka wapi. Uliweza kusimama pale ulipotaka kusimama? Unageuka pande zote mbili, au mmoja tu? Ulianguka mara ngapi, na uliinuka mwenyewe? Alijibu moja moja. Hawezi kusimama kila mara. Anageuka kulia, kushoto bado. Hakucheka wala hakutazama chini, na ilimchukua jitihada, niliona shingo yake ikiwa nyekundu.

Nikamletea ski ya kumfika puani, milimita themanini na nane, laini, ncha imeinuka kidogo ili isamehe. Itafaa njia zilizosawazishwa, na pembeni kidogo siku theluji ikiwa nyepesi.

"Na zile pana?" aliuliza, machozi karibu.

"Zile ni za mtu ambaye bado hujawa," Afra akamwambia. "Siku utakapokuwa, hutamuuliza mtu."

Nikaandika hamsini na saba. Nikaandika moja, na safari hii moja ilikuwa kweli. Jedwali likasema nne. Nikakaza nne, mbele na nyuma, kushoto na kulia, nikazilaza juu ya meza.

Afra alivaa miwani. Akaegemeza gongo kwenye meza, akainama, akasoma vidirisha vyote vinne mwenyewe, kimoja baada ya kimoja, kwa kidole.

"Sawa," alisema, si kwangu.

Ijumaa, 23 Januari

Mama alikuwa anachagua mchele sebuleni baada ya sala. Nikapita.

"Zakiya. Siku ile nliyokwambia andika moja."

Nikasimama.

"Ndiyo iliyomwangusha?"

Nikasema, "Pamoja na mkono wangu, mama. Ndiyo."

Akaendelea kuchagua. Punje moja, punje moja. "Nlikuwa nnamkinga," alisema. "Wallahi nlikuwa nnamkinga, mwanangu." Nikakaa naye chini, tukamaliza sinia lote. 

Alkhamisi, 29 Januari

Tumemsindikiza Noof uwanja wa ndege. Mama alimsomea mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Jumapili, 1 Februari

Zahra ameandika kwamba Noof ana mwalimu wake na yuko kwenye njia pana ya chini. Vumbi hapa, jua limeanza kuuma.

Jumanne, 3 Februari

Ujumbe wa Noof: "Shangazi, nimeanguka mara kumi na moja. Ski imetoka mara mbili, kama ulivyosema. Kushoto nageuka sasa." Nilimsomea mama. Nilimsomea na Afra, kupitia mlango wa chumba chake. Akasema, "Mara kumi na moja si mbaya."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile ndani ya gari.

Ijumaa, 6 Februari

Noof amerudi. Pua imebabuka, miguu yote miwili mizima. Amelala kwetu, amekula samaki wawili.

Jumanne, 10 Februari

Leo umetimia mwaka tangu Afra aanguke. Hakuna aliyesema, lakini mama alifukiza udi tangu asubuhi na Muhanna alipiga simu bila sababu.

Alasiri nilimkuta Afra barazani, mguu juu ya mto. Nilimpelekea kahawa. Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yote yakanipotea, nikabaki na moja.

"Afra, umenisamehe?"

Nilijua jibu. Nimelisikia katika nyumba hii maisha yangu yote, huwa tayari kama kikombe cha mgeni: tushasahau, ni qadar, Mungu ndiye msamehevu, kunywa kahawa. Nilikuwa tayari kulipokea na kuondoka nalo.

Afra alifikiri. Alifikiri kweli, akitazama barabara.

"Bado," alisema.

Akanitazama usoni aliposema, na hakuongeza kitu cha kulainisha. Ikaniuma. Iliingia chini ya kifua ikauma hata nikainamia magoti yangu, na nikalia kwa sauti, mimi ambaye mwaka mzima nimewamiminia watu kahawa. Mama akatokeza mlangoni, akaona, akarudi ndani. Afra hakunigusa. Hakuondoka pia. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, na mimi nililia mpaka mwisho, kisha akaniambia nimshike mkono anyanyuke, kumeanza joto.